Mahindi au Miwa? Sukari na Afya Katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Julai 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitangaza kwamba Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa katika soda inayouzwa nchini humo. Siku chache baadaye kampuni yenyewe ikathibitisha kwamba itatoa soda ya miwa, bila kuiondoa sokoni ile ya kawaida inayotiwa shira ya mahindi. Mpwani aliyesikia habari hizo angeweza kutabasamu. Soda zinazotiwa chupani Kenya na kuuzwa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa ni za sukari ya miwa. Kumbe wakubwa wanarudi tulipo sisi.

Suala ni kama hapo tulipo ni pazuri. Kwa zaidi ya miaka ishirini shira ya mahindi imelaumiwa kwa unene, kisukari na mafuta ya ini huko Marekani, na lawama hizo zimetufikia pamoja na fikra nyingine: kwamba sukari ya miwa, asali na tembo tamu ni vitu vya asili, kwa hiyo havina neno. Ukizipima hoja hizi moja moja utaona kwamba mahindi yamelaumiwa kupita kiasi, nayo miwa imesifiwa kwa jambo ambalo haikulifanya. Na ile sukari ya mahindi iliyozoeleka zaidi katika maduka yetu haimo hata katika mjadala huo, kwa sababu tunaihesabu kuwa dawa.

Ilikotoka shira ya mahindi

Punje ya hindi imejaa wanga, na wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana. Kiwandani wanga huo hukatwakatwa kwa vimeng'enya hadi ukawa maji mazito ya glukosi. Maji hayo ni matamu, ila si matamu kama sukari ya mezani, kwa hiyo hayakuweza kushika nafasi yake katika vinywaji. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Kimarekani, Richard Marshall na Earl Kooi, walieleza kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi, sukari tamu zaidi. Wanasayansi wa Japani wakaiboresha njia hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 kiwanda cha Clinton, jimbo la Iowa, kikaanza kuiuza shira mpya.

Kilichoipa nguvu ni bei. Serikali ya Marekani huwalinda wakulima wake wa sukari kwa kuweka mipaka ya sukari inayoingia kutoka nje, na hilo huifanya sukari ya huko kuwa ghali kuliko ya soko la dunia. Mahindi, kwa upande mwingine, yalikuwa tele. Kufikia 1984 kampuni kubwa za soda za Marekani zilikuwa zimeihama sukari ya kawaida. Ulaya mambo yalikwenda kinyume: hadi 2017 Umoja wa Ulaya uliibana shira hiyo isizidi takriban asilimia 5 ya sukari yake, ili kuwalinda wakulima wa viazisukari. Hakuna upande uliofanya uamuzi huo kwa sababu ya afya.

Kwetu mahindi ni sima kwanza. Mradi wa Galana-Kulalu, uliozinduliwa 2014 katika kaunti za Kilifi na Tana River, ulitangazwa kuwa wa ekari milioni moja, na shamba lake la mfano la ekari 10,000 lilikabidhiwa kampuni ya Kiisraeli ya Green Arava. Shabaha yake ilikuwa kupunguza njaa. Nchi ambayo mara kwa mara huagiza mahindi ya kula haina ya ziada ya kugeuza kuwa shira ya soda. Miwa nayo ina historia yake hapa Pwani: kiwanda cha Ramisi, Kwale, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha kilimo cha miwa kikafufuliwa huko na kampuni ya Kwale International. Sukari nyingine hutoka magharibi mwa Kenya na nchi za nje. Hivyo basi soda yetu imebaki kuwa ya miwa kwa sababu za bei na kilimo, zilezile zilizoifanya ya Marekani kuwa ya mahindi.

Tofauti ya gramu moja na nusu

Sukari ya mezani huitwa sukrosi. Kila chembe yake ni glukosi moja iliyofungamana na fruktosi moja, nusu kwa nusu. Shira ya mahindi inayotiwa kwenye soda ina fruktosi asilimia 55 ya sukari zake. Nyingine, inayotumika zaidi katika vyakula vya kuoka na vya makopo, ina asilimia 42. Tofauti ya pili ni kwamba ndani ya shira sukari hizo mbili zimekwisha kuachana, ilhali katika sukrosi zimeshikana hadi zifike tumboni na kwenye utumbo mdogo, ambako hutenganishwa upesi.

Chukua soda ya mililita 300. Ina sukari karibu gramu 32, sawa na vijiko vinane vya chai. Ikiwa ni ya miwa, utapata fruktosi gramu 16. Ikiwa ni ya mahindi, utapata gramu 17 na nusu hivi. Tofauti yote iliyozua kelele za miaka ishirini ni kama gramu moja na nusu kwa chupa, chini ya nusu ya kijiko cha chai.

Hata huko kuachana kwa glukosi na fruktosi si jambo geni katika majiko yetu. Mpishi wa kaimati huchemsha sukari na maji hadi shira inate, kisha humwagia kaimati zilizotoka kukaangwa na kuzigeuzageuza. Anayetaka ziwe na ganda jeupe huacha shira igande. Anayetaka ing'ae na ibaki laini hukamulia ndimu. Ile asidi ya ndimu, kwa msaada wa moto, huivunja sehemu ya sukrosi ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwezi kuganda kwa urahisi. Kikemia, sufuria hiyo ya Malindi imeisogelea sana shira ya Iowa. Soda pia ina asidi, na ikikaa ghalani kwenye joto letu, sukari yake ya miwa huanza kuvunjika ndani ya chupa kabla mnunuzi hajaifungua.

Mwili unavyozipokea

Glukosi huingia damuni na kusambaa mwilini kote; ubongo, misuli na viungo vingine huitumia, na insulini ndiyo inayoisimamia. Glukosi ndiyo inayopandisha kipimo cha sukari kwa kasi: katika mizani inayoipa glukosi 100, sukari ya mezani hupata takriban 65, na fruktosi peke yake haifiki 25. Kwa sababu hiyo kuna wakati fruktosi ilisifiwa kuwa tamutamu ya wagonjwa wa kisukari.

Sifa hiyo ilificha upande wa pili. Sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini. Ikiwa kidogo, kama ile ya embe moja lililoliwa na nyuzinyuzi zake, ini huimudu. Ikimiminwa nyingi kwa mkupuo, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Mengine hubaki humo humo, mengine huingia damuni. Mwaka 2009 Kimber Stanhope na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti ambamo watu walikunywa vinywaji vya glukosi au vya fruktosi, robo ya nishati yao ya siku, kwa wiki kumi. Uzito uliongezeka kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili, lakini mafuta ya ndani ya tumbo, yale ya hatari, yaliongezeka zaidi kwa waliokunywa fruktosi.

Matokeo hayo yamekuwa yakitajwa kama ushahidi dhidi ya shira ya mahindi. Sivyo. Yanahusu fruktosi tupu, ambayo karibu hakuna mtu anayeinywa nje ya maabara. Kama ni ushahidi dhidi ya asilimia 55, basi ni ushahidi vilevile dhidi ya asilimia 50, yaani kijiko kinachozama kwenye chai yetu. Ndivyo ilivyo pia kwa jongo: fruktosi ikivunjwa kwenye ini huongeza asidi ya yuriki, na utafiti uliochapishwa 2008 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulionyesha kwamba wanaume wanaokunywa vinywaji vitamu kwa wingi hupata jongo zaidi. Kidole gumba cha mguu hakitofautishi mahindi na miwa.

Tuhuma yenyewe ilipata umaarufu 2004, George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin walipoandika kwamba unene wa Wamarekani ulikua sambamba na matumizi ya shira hiyo. Sambamba ni kweli. Lakini matumizi ya shira yalifikia kilele karibu na mwaka 1999 yakaanza kushuka, huku unene ukiendelea kupanda. Mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Marekani kikahitimisha kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa shira ya mahindi hunenepesha kuliko sukari nyingine zenye nishati. Kilichobaki wazi ni hatari ya sukari nyingi za kunywa, za aina yoyote: mtu aliyekunywa sukari hapunguzi chakula chake kama aliyeitafuna.

Kuna mahali pamoja ambapo miwa ni mbaya zaidi, napo ni mdomoni. Bakteria aitwaye Streptococcus mutans hula sukari zote na kutoa asidi inayotoboa meno, ila kwa sukrosi hasa hutengeneza utando unaonata, na utando huo huishikiza asidi kwenye jino. Ndiyo maana mabuyu yaliyopakwa sukari, pamoja na udogo wake, yanastahili kuangaliwa. Mtoto hanyonyi punje moja na kumaliza. Huweka moja shavuni, akaisogeza huku na huku mpaka rangi nyekundu imtoke midomoni, kisha akatia nyingine, na pakiti huenda naye kuanzia kengele ya mapumziko hadi njia ya kurudi nyumbani. Kwa meno, muda wa sukari mdomoni una uzito kama kiasi chake.

Sukari ya mahindi tunayoiita dawa

Shira ya mahindi huingia pwani yetu kwa milango midogo: peremende, biskuti, jemu na sosi kutoka nje, na aiskrimu za mtindo wa Kiitaliano, ambazo Malindi imezizoea kwa sababu ya wageni wake. Watengenezaji wa aiskrimu hizo hutia shira ya glukosi au glukosi ya unga ili zisigande kama jiwe. Kiasi hicho hakimtii hofu mtu anayekula aiskrimu siku ya Idi.

Mlango mkubwa ni kopo la glukosi ya unga. Hiyo ni sukari ya wanga, na kwa sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani wanga huo ni wa mahindi. Hukaa kwenye rafu ya duka la dawa, jirani ya vidonge, na ujirani huo umeipa heshima. Mgonjwa akirudishwa nyumbani, hukorogewa. Mtoto asiyekula, hutiwa kwenye uji. Mwanafunzi wa mtihani na mchezaji mpira hulamba kwa kijiko.

Heshima hiyo haikuzuka bure, na ushahidi mmoja uko Kilifi. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya wilaya ya Kilifi chini ya kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa hapo 1989, walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Miongoni mwa dalili zilizotabiri kifo, pamoja na kupoteza fahamu na kupumua kwa shida, ilikuwamo kushuka kwa sukari ya damu. Mtoto wa namna hiyo glukosi ya mshipani humwokoa. Mtu wa kisukari anayetetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari yake imeshuka, naye glukosi ya haraka humwokoa. Hapo ni dawa bila ubishi.

Dawa nyingine ni maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una glukosi gramu 13.5 kwa lita moja ya maji, na chumvi gramu 2.6. Kazi ya glukosi hapo ni kuisaidia chumvi kupenya utumbo, na maji yaifuate. Linganisha na soda, yenye sukari zaidi ya gramu 100 kwa lita na chumvi karibu hakuna. Soda, na hata glukosi iliyokorogwa kwa kukisia, huvuta maji kuingia utumboni, na mtoto huzidi kuharisha. Kilichoponya ni kipimo. Nje ya kipimo hicho glukosi ni sukari kama nyingine, tena inayopandisha sukari ya damu kwa kasi sana, na mgonjwa wa kisukari anayekorogewa ili apate nguvu huwa anazidishiwa ugonjwa kwa mapenzi mema.

Za asili nazo

Asali ya nyuki wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambayo mradi wa Kipepeo wa Gede umewasaidia wanakijiji kuiuza, ni riziki inayoulinda msitu, na hilo latosha kuitetea. Kama sukari, ina fruktosi karibu asilimia 38 na glukosi asilimia 31 ya uzito wake, maji yakichukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Ukiangalia uwiano wa sukari zake, asali ndiyo ndugu wa karibu wa shira ya mahindi. Hulainisha koo na ina harufu ya maua, lakini kijiko chake ni sukari, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja haifai kupewa hata kidogo kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulini.

Tembo tamu linalogemwa Kaloleni na Rabai hupata utamu wake kwa sukrosi, ileile ya miwa. Ukilichemsha mapema unapata asali ya tembo. Ukiliacha, chachu hugeuza sukari kuwa kileo, na baadaye siki. Sukari guru ni miwa isiyosafishwa. Ina madini kidogo, lakini atakayeitegemea kwa madini atalazimika kula sukari nyingi mno. Tende na maembe ni mengine, kwa kuwa huliwa na nyama yake na nyuzinyuzi zake. Embe hilohilo likisagwa, likachujwa na kuongezwa sukari, limeingia kundi la soda.

Shirika la Afya Duniani lilifuata mkondo huo katika mwongozo wake wa 2015. Halikutaja mahindi wala miwa. Liliziweka kapu moja sukari zote zinazoongezwa kwenye chakula pamoja na za asali na maji ya matunda, likashauri zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, hizo ni gramu 50 na gramu 25.

Sasa tuhesabu siku isiyo na sherehe. Kikombe cha chai asubuhi na kimoja jioni, vijiko vitatu kila kimoja: gramu 24. Soda moja ya mililita 300 mchana: gramu 32. Jumla 56. Mpaka wa juu umevukwa kabla ya hamri, kabla ya biskuti, kabla ya juisi ya ukwaju, na chembe ya mahindi haijaguswa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi au unene. Sukari siyo sababu pekee, lakini ni ile ambayo mtu huishika kwa mkono wake.

Hofu nyingine, ushuru mwingine

Lipo jambo linalochanganywa na haya, nalo ni uchafu. Juni 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba, na mabishano makubwa yakazuka kuhusu vipimo hivyo. Marekani nayo, mwaka 2009, watafiti waliripoti chembe za zebaki katika baadhi ya sampuli za shira ya mahindi, zikihusishwa na kemikali za kiwandani. Tuhuma za namna hii huhitaji maabara na ukaguzi, nazo hazisemi lolote juu ya sukari iliyo safi. Sukari iliyopita kila kipimo cha usafi bado hunenepesha na kutoboa meno.

Serikali ina chombo kimoja kinachogusa kiasi moja kwa moja, nacho ni ushuru. Oman, wanakoishi ndugu wengi wa watu wa pwani hii, ilianza 2019 kutoza asilimia 50 juu ya bei ya soda, ikaongeza vinywaji vingine vitamu 2020. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine Aprili 2018: gramu nne za kwanza katika kila mililita 100 hazitozwi, na kila gramu inayozidi hulipiwa. Uingereza mwezi huohuo iliweka ngazi mbili, na watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kupunguza sukari ili kuzikwepa. Kenya hutoza vinywaji baridi kwa lita. Kwa hesabu hiyo chupa yenye sukari nyingi na yenye kidogo hulipa sawa, na kiwanda hakina faida yoyote kodini kwa kupunguza hata kijiko kimoja. Kuhama kutoka lita kwenda gramu kungefanya kazi ambayo marufuku ya shira ya mahindi isingeifanya kamwe.

Kwa mnunuzi, jibu ni la kihesabu zaidi kuliko la kikemia. Kwenye kibandiko cha kinywaji tafuta gramu za sukari katika mililita 100, zidisha kwa mililita za chupa, gawa kwa mia, kisha gawa kwa nne upate vijiko. Usijali ilitoka shambani gani. Kwenye chai, kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu huokoa gramu 12 kwa siku na shilingi kadhaa kwa wiki. Glukosi ya kopo ibaki kwa mwenye sukari iliyoshuka, na ya kuharisha iwe ile ya pakiti iliyopimwa. Kaimati zina siku zake, na mwezi wake, na hakuna utafiti unaozikataza. Wanaojadili mahindi dhidi ya miwa wanagombania gramu moja na nusu ya kila chupa, na zile thelathini nyingine hawazisemi.